Nina maduka matatu, nyumba na gari, mbona najiona mtupu?

"Shikamoo dada. Mie ni mwanaume wa miaka 41, niko Tanga mjini. Nimeanzia chini kabisa, nilikuwa fundi baiskeli kwa mjomba pale Ngamiani, nalala humo humo kibandani. Sa hivi nina maduka matatu ya spea za pikipiki, nimejenga Pongwe, watoto wanasoma shule za kulipia. Nilijiambia nikifika hapa nitatulia, sijatulia. Usiku nikifunga hesabu nikakuta mauzo mazuri nafurahi labda dakika tano, yakiwa mabaya silali. Kuna grupu la wasap la tuliomaliza form four pamoja, mwenzetu mmoja alinunua Harrier na mie nikanunua, sasa ameanza ghorofa Raskazone na mie natafuta kiwanja huko huko wakati hata sipapendi, upepo mwingi. Kijiweni kwenye kahawa niliacha kwenda miaka minne iliyopita, niliona napoteza muda. Juzi naingia nyumbani, binti yangu wa miaka tisa badala ya kunisalimia akaniuliza 'baba leo umeuza shilingi ngapi?' Nikacheka, lakini usiku usingizi haukuja. Mke wangu anasema nipo lakini sipo. Dada yangu anasema nimetiwa kijicho nifanyiwe kisomo. Nimeanza kubeti kidogo, sio shida ya hela, basi tu moyo udunde. Kitu pekee nilichofurahia mwaka huu ni Jumapili moja nilimtengenezea mtoto wa jirani baiskeli, ringi ilipinda, nikakaa chini masaa mawili sikushika hata simu. Je nakufuru? Au niuze maduka nitafute kusudi la maisha yangu?"

Marahaba mdogo wangu. Barua yako nimeisoma jana mara mbili, leo asubuhi nikairudia tena, na kila nikiisoma nakwama pale kwa binti yako, kwa hiyo huko tutafika, subiri kwanza.

Umeniuliza kama unakufuru na kama uuze maduka. Yote mawili naona hapana. Mambo ya kufuru wenyewe ni masheikh, mie fani yangu ni saikolojia, ila kwa miaka niliyokaa na watu ofisini sijaona mtu asiyejali neema zake akakesha kwa sababu ya swali la mtoto. Wewe umekesha. Maana yake bado unajua tofauti ya kilicho na thamani na kilicho na bei, shida ni kwamba siku zako zote umezipanga kwa hicho cha pili.

Dada yako naye tusimpuuze, mie nimezaliwa Tanga hii hii siwezi kukaa hapa nikajifanya sijui kijicho ni nini. Kisomo fanya, ndugu watakuja, mtakaa mkeka mmoja, utaombewa, na kwa hali yako hiyo peke yake ni kheri kubwa. Ila mtu akikuambia ulete laki tano na kuku mweusi, hapo shika njia yako. Na kisomo kisiwe sababu ya kutoangalia mengine, kwa sababu haya unayoyaeleza yana chanzo chake hata kama majirani wote wanakupenda.

Sasa kwanza tuondoe ule msemo wa kwamba hela haileti furaha, naujua umeshaambiwa na watu na haukukusaidia kitu, tena ukute aliyekuambia ndo anakudai. Hela inaleta. Aliyelala kibandani na sasa analala kwake na ada za watoto zimelipwa, huyo kapata nafuu ya kweli na asidanganywe. Kule Marekani mwaka 2010 watafiti Daniel Kahneman na Angus Deaton walisema furaha ya siku kwa siku inapanda na kipato mpaka kwenye kama dola 75,000 kwa mwaka halafu inasimama, watu wakaishika sana hiyo. Mwaka 2021 Matthew Killingsworth akaja na data zake akasema mbona mie naona haisimami, inaendelea kupanda. Killingsworth na Kahneman wakakaa pamoja, 2023 wakatoa majibu: kwa watu wengi inaendelea kupanda, ila kwa wale wenye huzuni zaidi, kama asilimia 20 ya chini, ikifika kiwango fulani haipandi tena. Yaani hela inawatoa kwenye dhiki halafu inawaacha hapo, kwa sababu kilichobaki kinawauma sio kitu cha kununulika. Usishike hizo dola, za kwao hizo, shika hilo la mwisho. Naona na wewe umefika hapo.

Zile dakika tano zako sasa. Umeshakwenda Deep Sea kununua samaki? Ukiingia tu harufu inakupiga usoni, baada ya robo saa unapatana bei na wala huisikii, na samaki ni wale wale. Ubongo hauna kazi ya kukuambia kilichopo, unakuambia kilichobadilika. Miaka ya 1990 mtafiti anaitwa Wolfram Schultz alikuwa anapima seli za ubongo za nyani zinazotoa dopamini, kile kikemikali ambacho watu hukiita cha furaha ingawa jina hilo silipendi. Nyani akipewa juisi ghafla, seli zinaruka. Akishazoea kwamba taa ikiwaka juisi inakuja, zinaruka kwenye taa, juisi yenyewe ikifika kimya. Na taa ikiwaka juisi isije, zinashuka chini kuliko kawaida. Sasa jiangalie wewe na daftari lako la usiku. Mauzo mazuri ulishayategemea, kwa hiyo yakija hayakupi kitu, yakipungua ndo unaanguka. Ukiongeza duka la nne utategemea mauzo ya maduka manne, basi, mchezo ni ule ule na mzigo umeongezeka. Na kubeti kwako kunatoka hapo hapo, kwenye duka hakuna tena cha kukushtua, ukaenda kununua mshtuko.

Kuna utafiti mwingine wa 1978, wa Brickman na wenzake, waliwahoji watu 22 walioshinda bahati nasibu kubwa huko Illinois wakawalinganisha na wengine ambao hawakushinda. Wengi huusimulia nusu, wanasema washindi hawakuwa na furaha kuliko wenzao. Ni utafiti mdogo, na wa Sweden wa 2020 wenye washindi wengi zaidi ulikuta washindi wanaridhika na maisha kwa muda mrefu, zaidi ya miaka kumi, ingawa kwenye furaha ya siku kwa siku athari ilikuwa ndogo, kwa hiyo mie hiyo nusu siitilii mkazo. Nusu ninayoipenda ni hii: wale washindi wa Illinois walisema vitu vya kawaida kama kupiga soga na rafiki au kupata kifungua kinywa vinawapa raha kidogo kuliko vilivyowapa wale wasioshinda. Kishindo kikubwa kinafanya vidogo vikose ladha. Wewe kijiwe chako cha kahawa hukukiacha kwa sababu ya muda, mdogo wangu. Kahawa na kashata inachukua nusu saa, na wasap unakaa muda mrefu kuliko huo. Ulikiacha kwa sababu pale hakuna kinachopanda.

Tuje kwa huyo bwana wa Raskazone. Kuna matajiri Tanga hii wana mashamba ya mkonge huwezi kuyamaliza kwa miguu, hao hawakunyimi usingizi, anakunyima mtu mliyekaa naye dawati moja. Mwanasaikolojia Leon Festinger aliliandika hilo mwaka 1954, kwamba mtu akitaka kujua amefika wapi anajipima kwa anayefanana naye. Na watafiti wawili, Solnick na Hemenway, mwaka 1998 walichapisha majibu ya watu walioulizwa wachague, upate dola 50,000 na wenzio wapate 25,000, au upate 100,000 na wenzio wapate 200,000, bei za vitu zikiwa zile zile. Karibu nusu walichagua ya kwanza. Wakubali kuwa na nusu ya hela ili mradi wawazidi wengine! Usiwacheke, wewe unataka kununua upepo usioupenda kwa sababu hiyo hiyo.

Kujilinganisha hakuachwi kwa kuambiwa ridhika, nani amewahi kuridhika kwa kuamriwa. Na sio kila mara kubaya, kijana anayemwangalia fundi mzuri akataka kuwa kama yeye anajilinganisha pia na anapata faida. Kunaharibu pale kunapokuchagulia na kitu cha kutaka. Gari ulilitaka wewe au alilitaka yeye? Jiulize hivyo kwenye kila kitu kikubwa, kiwanja, shule, mpaka harusi ya mdogo wako.

Haya, binti.

Huyo mtoto hajaharibika na usije ukamkemea. Watoto ni wajanja, wanatafuta funguo gani inamfungua mzazi, akijaribu hii haifungui anajaribu nyingine. Naona amejaribu kukuonyesha daftari lake la shule ukasema "mm" macho yako kwenye simu, akajaribu hadithi ya rafiki yake ukasema "mm", siku moja kwa bahati akauliza mauzo ukamtazama usoni ukamjibu. Basi akakamata hiyo. Alikuwa anakusalimia kwa lugha unayoielewa. Najua maneno haya yanauma na sikuyaandika kukuumiza, mie mwenyewe nilishaletewa swali la namna hiyo na mwanangu, aliniuliza leo nimewatibu wangapi, kama vile nauza vitumbua.

Hapa ndipo naona kiini cha barua yako. Kila kitu umekitia kwenye mizani moja. Kijiwe hakiingizi, ukakiacha. Ufundi ulikuwa mikononi mwako, ukawa biashara, spana hujashika miaka. Mwaka 1971 mwanasaikolojia Edward Deci aliwapa wanafunzi mafumbo ya vibao vya kupanga, michezo tu ya kuvutia, halafu kundi moja akalilipa dola moja kwa kila fumbo. Malipo yalipokoma, wale waliokuwa wamelipwa, wakifika mapumziko, waliyashika mafumbo yale muda mfupi kuliko mwanzo. Ilikuwa raha, ikageuka kibarua, na kibarua kisicholipa nani anakifanya. Simaanishi mtu asilipwe, fundi ale nini? Namaanisha mtu akizoea kupima kila kitu kwa malipo, anasahau kwamba vingine alivifanya kwa sababu alivipenda.

Halafu Deci na mwenzake Richard Ryan wakaendelea miaka mingi, wakasema binadamu ana mahitaji matatu ya moyo: kufanya jambo kwa hiari yake mwenyewe, kujiona analimudu, na kuwa karibu na watu. Sasa rudi kwenye ile Jumapili. Hakuna aliyekutuma. Ringi iliyopinda unaijua, unazungusha tairi, unasikiliza spoki, unakaza hii unalegeza ile mpaka inakimbia imenyooka. Na pembeni yako amechuchumaa mtoto anasubiri. Yote matatu yamekaa barazani kwako kwa masaa mawili bure, na maduka matatu kwa mwaka mzima hayajakupa hata moja na nusu.

Kwa hiyo hili neno kusudi naomba tulishushe kidogo, siku hizi limekuwa kubwa mno, watu wanalizungumza kama funguo iliyopotea, kwamba iko moja mahali fulani na ukiuza kila kitu ukazunguka dunia utaiona chini ya jiwe. Mie sijaona ikiokotwa hivyo. Watu niliowaona wametulia wana vitu vitatu vinne vidogo vinavyowahitaji wao, na wanavirudia. Na wala si lazima kitoke kwenye kazi ya kukulisha. Shaaban Robert unayemsikia, mzaliwa wa Vibambani hapa hapa kwetu mwaka 1909, mkate wake ulitoka kwenye ukarani wa forodha wa serikali ya kikoloni, miaka na miaka anajaza makaratasi ya mizigo. Mashairi hayakumngoja aache ukarani. Na kule Lutindi, Korogwe milimani, ile hospitali inayohudumia wagonjwa wa akili tangu mwanzoni mwa miaka ya 1900, wagonjwa wanashirikishwa kazi za shamba na za mikono na hiyo ni sehemu ya tiba. Waliofikiria hivyo zamani zile walijua kitu, mtu akiwa na kazi inayomsubiri asubuhi anainuka tofauti.

Sasa maduka. Usiuze. Na ukitaka kuuza uje uuze ukiwa unalala vizuri angalau miezi mitatu mfululizo, maamuzi ya kutorudi nyuma hayafanywi na mtu aliyechoka hivi. Maduka yanalisha familia yako na familia za vijana uliowaajiri, na mtu wa aina yako akikaa bila shughuli mwezi wa pili tu atakuwa anabeti kweli kweli. Kiwanja cha Raskazone kiweke pembeni miezi sita, kama baada ya hapo bado unakitaka na upepo wake, nunua. Hesabu za usiku sikuambii uziache, mali bila daftari huisha bila habari na vijana wa dukani wakijua bosi hahesabu itakula kwako, ila zimalizie dukani na daftari lilale dukani, lisivuke kizingiti cha nyumba.

Grupu usitoke. Najua wengine wangekuambia toka, lakini misiba na harusi zetu ziko humo, ukitoka utaonekana umesusa na utakosa watu siku ya siku. Zima sauti, acha kufungua stetasi za watu, halafu watafute wawili unaowapenda kweli mkae ana kwa ana. Hata huyo wa Raskazone mwite siku moja mle mihogo, ukute na yeye anakuangalia wewe na maduka yako hapati usingizi.

Kijiweni rudi. Watakutania wiki ya kwanza, vumilia.

Baiskeli ndo panahitaji akili, kwa sababu nakujua sasa, nikikuambia tengeneza baiskeli za watoto mwezi ujao utakuwa na karakana, tisheti zimeandikwa jina lako na picha kwenye grupu, na hapo umeshairudisha kwenye mizani. Iwe ndogo. Jumapili asubuhi, barazani, spana na gundi ya viraka, anayekuja anakuja, bila malipo na bila picha. Na sina uhakika kama kilichokufurahisha ni baiskeli, inawezekana ni kazi ya mikono, au ni yule mtoto, au ni yale masaa mawili bila simu. Jaribu kimoja kimoja. Siku nyingine acha simu ndani uende tu ufukweni Sahare na binti, siku nyingine mfundishe kijana wako wa dukani kunyoosha ringi, uone wapi moyo unaitika. Na sadaka ukitoa usimalizie kwenye simu tu, mara nyingine peleka mwenyewe umuone mtu, raha ya kutoa inazidi mtoaji akiona imefika wapi.

Kuna jambo siwezi kuliamua kwa barua. Kukosa usingizi, kutokuwepo ukiwa upo, kutofurahia kitu mwaka mzima isipokuwa Jumapili moja, hayo yanaweza kuwa ni maisha yaliyokwenda upande, na yanaweza kuwa sonona, yaani huzuni ya kiugonjwa, na wanaume wa umri wako huificha ndani ya kazi mpaka wenyewe wasiione. Kama kwa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, huna hamu ya chochote, hulali au unalala kupita kiasi, chakula hakipiti, mwili mzito, unajiona hufai, basi acha kusoma majibu kama haya uende hospitali ya Bombo, uliza wanaohudumia afya ya akili, na upimwe na sukari na presha kabisa kwa sababu mwili nao unaweza kuvaa sura ya huzuni. Ikikupitia hata mara moja kwamba bora usingekuwepo, hiyo si ya kusubiri Jumatatu, mwambie mkeo leo na mwende wote. Sonona ina maongezi ya tiba na ina dawa, dawa huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi, na sio uchizi. Kubeti nako, siku utakayomficha mkeo kiasi ulicholiwa, au ukaweka tena ili urudishe kilichopotea, ujue kimeshakuwa kingine, useme mapema.

Kuhusu mkeo umeandika sentensi moja tu, na nadhani yeye ndiye aliyegundua kabla yako na yangu. Msomee barua uliyoniletea, yote, na ya kubeti usiiruke. Halafu unirudie baada ya wiki sita hivi. Baiskeli usinihesabie, niambie tu siku hizo ukiingia nyumbani binti anakuuliza nini.